Mtaa Mzima Warithi, Shahidi Hakuna

Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kiti cha Taratibu anajua kwamba pale habishi mtu. Ungeingia na maneno yako mdomoni, umekasirika, umekuja kumwambia kwamba mara ya mwisho alikuacha kama kuku aliyenyonyolewa na watoto. Angekuitikia vizuri. Angekufunga shuka shingoni, angekupaka povu mpaka chini ya pua, kisha angeuchukua wembe na kuunoa kwenye mkanda wa ngozi, shwa, shwa, shwa. Hapo sasa ndipo angeanza kukujibu. Na wewe ungesema nini, wembe uko kooni? Ndiyo maana mtaani walisema kinyozi yule hajawahi kushindwa mjadala hata mmoja, ingawa shule aliiona kwa mbali na maneno makubwa hakuyajua.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwepo, ila lilishamezwa na hilo la Taratibu. Alinyoa polepole mno. Watu walimtania kwamba akifika upande wa pili wa kichwa, nywele za upande wa kwanza zinakuwa zimeshaota. Naye aliwajibu kwamba haraka haraka haina baraka, na tena haina masikio, kwani ameyaona masikio yaliyopita mikononi mwa vinyozi wa haraka.

Utajiri wake wote ulikuwa ndani ya kibanda cha mabati kilichobanwa kati ya fundi cherehani na seremala. Kulikuwa na kioo kilichopasuka katikati, kila mteja akajiona ana pua mbili. Kulikuwa na redio, benchi la kusubiria, mkasi mkubwa na bakuli la povu. Na kulikuwa na kiti. Hivyo vingine tunaweza kuviita vyombo, lakini kiti kilikuwa mali. Kilikuwa cha chuma kizito, ngozi nyekundu yenye viraka, na pembeni kina mkono: ukiusukuma kinapanda, ukiuvuta kinashuka huku kikipumua kama bibi anayekaa chini baada ya safari. Alipewa na tajiri wake wa zamani, mwenye saluni ya hoteli, siku hoteli ilipofungwa, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine aliyejua kukishusha bila kumbana mteja vidole.

Siku ya kukihamisha alisaidiwa na kaka yake. Walikipakia kwenye mkokoteni, kaka akasukuma kutoka kona ya duka la dawa mpaka penye bomba la maji, akashika kiuno, akasema mgongo, akakaa. Njia iliyobaki Taratibu alisukuma peke yake. Lakini tangu siku ile, kila kiti kilipotajwa, kaka alikohoa kidogo na kusema, "Kiti kile nimekileta mimi."

Kaka huyu mtaani walimwita Bwana Kalamu. Alikuwa karani wa stoo kabla ya kustaafu, na kalamu haikutoka mfukoni mwa shati lake hata siku ya kufua. Sahihi yake ilikuwa kitu cha kutazamwa. Ilikuwa na kichwa, kiwiliwili na mkia, na mkia wenyewe ulizunguka mbali huko, ukarudi kupita chini ya jina, ukaishia kwenye nukta mbili alizozigonga kwa nguvu kama mtu anayepigilia misumari. Barua ya ukoo isiyo na sahihi yake aliiona kama chai isiyo na sukari: inanyweka, lakini mgeni hapewi.

Taratibu mwenyewe alijaliwa mtoto mmoja, binti. Mama yake alishatangulia. Binti alianza kwa kufagia nywele, akaja kushika shuka, na mkono wa baba ulipoanza kutetemeka alimpokea wembe bila mtu kusema neno. Mwanzoni wateja walikunja shingo kama kobe, wakisema hawajawahi kunyolewa na mwanamke. Baadaye wakawa wanamsubiri yeye. Ila hawakuthubutu kumwambia mzee kwamba mkono wa binti ni mwepesi. Walimwambia, "Wewe pumzika, tunakuonea huruma." Taratibu alijua, akacheka moyoni, akaenda kukaa kwenye benchi lake.

Sasa siku moja seremala jirani akafariki. Mjane hajafuta hata machozi ya kwanza, shemeji zake walishaingia kibandani. Walibeba randa, wakabeba misumeno, wakabeba na mlango uliokuwa haujapakwa rangi, kumbe ni mlango wa mteja, ambaye alikuja kuuulizia kesho yake akakuta hata wa kumuuliza hakuna. Taratibu aliyatazama haya yote amesimama na brashi mkononi, mteja kwenye kiti povu limemkauka mpaka limepasuka nyufa.

Kwenye msiba huo huo, Bwana Kalamu alimvuta mdogo wake pembeni akamnong'oneza kama mtu anayetoa habari njema. Alisema asiwe na wasiwasi kabisa. Siku yake ikifika, vijana watakuja kukichukua kiti siku ileile, na kuna mtu wa vyuma chakavu ameshakiona na amekipenda. Taratibu akauliza, na binti je? Kaka akamtazama kwa upole.

"Binti ataolewa, ndugu yangu. Kiti ni cha ukoo. Tena nimekileta mimi."

Taratibu hakujibu kitu. Huko msibani hakuwa na wembe.

Alirudi akamwambia fundi cherehani kwamba anataka kuandika wosia. Fundi cherehani alicheka mpaka uzi ukakatika kwenye sindano. Wosia, alisema, ni wa wenye ghorofa, wewe utaandika nini, kwamba bakuli la povu liende kwa nani?

"Mwenye ghorofa wakimwibia chumba kimoja, atalala kingine," Taratibu alisema. "Mimi nina kiti kimoja. Nani anahitaji karatasi zaidi?"

Fundi cherehani akatunga uzi upya, hakucheka tena. Baadaye kidogo akauliza kama katika karatasi hiyo redio imekumbukwa.

Maana lazima niseme hili: Taratibu alikuwa na ugonjwa mmoja wa ulimi. Mtu akisifu kitu chake, alimwambia, "Nikifa chukua." Fundi cherehani alisifu redio, akaahidiwa redio. Mama wa chai, aliyeuza chai ng'ambo ya barabara, alisema benchi lile lina miguu imara, akaahidiwa benchi. Fundi viatu aliahidiwa mkasi, dereva wa lori aliahidiwa kioo pamoja na pua zake mbili, na bakuli la povu liliahidiwa kwa mwuza mboga. Taratibu alikuwa mtu wa neno lake. Alimwita binti, akamwambia aandike yote, kiti kwake yeye, na hivyo vingine kila mtu alichoahidiwa. Binti aliuliza kwa nini awape watu baki.

"Si baki. Ukimpa jirani kijiko, atakulindia na sufuria."

Binti akaandika kwa mwandiko wake wa shule. Taratibu akaweka sahihi, ambayo ilikuwa mstari mmoja na kigugumizi. Na kwa kuwa walisikia kwamba wosia unataka mashahidi, binti akasaini kama shahidi wa kwanza, si ndiye mwenye mwandiko mzuri pale kibandani, na fundi cherehani akasaini kama wa pili. Wakafurahi. Mama wa chai akawaletea chai.

Kulikuwa na wanasheria wa msaada waliokuja siku za Jumamosi kwenye ukumbi wa shule, hawadai kitu. Taratibu alivaa koti akaenda na karatasi yake, apate tu kuonyesha kwamba kazi imekwisha. Alipokelewa na mwanasheria kijana, dada mmoja mwenye sauti ya pole na nywele fupi. Taratibu aliona kwamba kisogoni wamemkata kipande juu, kipande chini, akajizuia asiseme. Dada alisoma, akatabasamu kwenye habari ya bakuli, akafika chini kwenye majina, tabasamu likaondoka.

"Mzee wangu," alisema, "huyu binti uliyempa kiti, ndiye shahidi?"

"Ndiye huyohuyo, mwanangu. Ana mwandiko mzuri."

Akamweleza polepole, hata Taratibu akaipenda ile polepole yake. Anayepewa kitu kwenye wosia hatakiwi kuushuhudia. Akisaini kama shahidi, kile alichopewa kinaweza kumponyoka. Kwa hiyo mzee alikuwa amempa binti yake kiti kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto amemshikisha kalamu ya kukipoteza. Fundi cherehani naye na redio yake, mambo yaleyale. Waandike upya. Watafutwe watu wazima wawili ambao hawamo humo ndani, wakae pamoja, wamwone mzee akisaini, kisha wasaini wao. Kilichoandikwa si lazima wakijue.

Taratibu alishukuru. Alipofika mlangoni alishindwa kuvumilia, akarudi kumwambia dada apite kibandani siku moja, binti amrekebishie kisogo.

Watu wawili ambao hawamo. Ukisikia hivyo unaona ni kazi ya dakika chache. Wakaanza kuuzunguka mtaa, yeye na binti. Fundi viatu alisema urafiki wao ni wa tangu enzi, lakini mkasi ule ameshauotea ndoto. Mama wa chai alisema kushuhudia ni heshima kubwa, na heshima haikaliwi, benchi linakaliwa. Dereva wa lori aliuliza kama anaweza kushuhudia akiwa amefumba macho. Mwuza mboga alitaka kujua ni nani mwingine amekataa, ili yeye asionekane wa kwanza. Kufikia mchana jambo lilikuwa wazi: mtaa mzima warithi, shahidi hakuna. Mtu maskini kuliko wote pale alikuwa amegawa mali mpaka amekosa hata wa kumtazama akisaini.

"Baba, mdomo wako huu," binti alisema, lakini alikuwa anacheka.

Akabaki Kipara. Huyu alikuwa tarishi mstaafu, kichwa kinang'aa kama sahani iliyooshwa. Alikuja kibandani kila siku kusoma gazeti na wala hakuwahi kunyolewa. Walipomweleza kwamba yeye hayumo, ndiyo maana wanamtaka, alikunja gazeti taratibu sana.

"Kwa hiyo mmegawana mtaa mzima, mimi sina hata kitana?"

"Kitana utakifanyia nini?" Taratibu akamuuliza.

Kipara akajipapasa utosi. Akakubali, kwa kuwa kusoma gazeti hakukuandikwa popote, na lisiloandikwa haliwezi kumponyoka. Shahidi wa kwanza akapatikana.

Wa pili? Taratibu alikaa kwenye benchi lake, mali mtarajiwa ya mama wa chai, akawaza: ni nani hapa duniani ambaye sikumpa kitu? Akawaza tena, kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko, na binti, aliyemjua baba yake, akaacha kufagia.

"Baba, hapana."

"Yeye peke yake ndiye hayumo."

"Unamkabidhi fisi bucha?"

"Simkabidhi bucha. Namwomba asaini mlangoni kwamba bucha ana mwenyewe. Mimi namjua kaka yangu, nimelala naye kitanda kimoja tangu utoto. Huyu anaweza kula neno lake mchana kweupe. Sahihi yake haili."

Basi hawakumtafuta. Walichofanya ni kumwambia mama wa chai kwamba mashahidi watakuwa Kipara na yule mchota maji wa kona ya mbali. Kumwambia mama wa chai ni sawa na kupanda juu ya bati na tarumbeta. Jumamosi asubuhi Bwana Kalamu aliingia kibandani kwa kawaida yake ya kunyolewa, lakini macho yalikuwa mekundu na kalamu ilikuwa inatokeza mfukoni kuliko siku zote. Alikuwa na mengi ya kusema. Taratibu aliitikia vizuri, akamfunga shuka. Siku ile alinyoa mwenyewe. Mkono ulitetemeka kidogo, na Bwana Kalamu alipouona unavyotetemeka akawa mpole kabla hajaguswa.

Alinyoa shavu la kulia likaisha. Shavu la kushoto lilikuwa bado lina povu alipouinua wembe, akampa kaka nafasi ya kusema. Kaka alisema kwamba amesikia mambo ya aibu. Karatasi ya ukoo isainiwe na mchota maji? Yeye yuko hai, ana kalamu, ana macho, watu watasemaje?

"Kaka," Taratibu alisema, "shahidi hapati kitu. Nakwambia mbele ya watu. Hata kijiko."

Na kweli watu walikuwepo. Fundi cherehani alikuwa mlangoni, mama wa chai dirishani, na Kipara kwenye benchi, gazeti kalishika juu chini.

"Baba Mkubwa, ni kweli," binti alisema. "Akishasaini, hapati. Fikiri kwanza."

Bwana Kalamu aliwatazama wote kwenye kioo, na kila mmoja alikuwa na pua mbili. Hapo ndipo kiburi kilipompanda. Moyoni alijiambia kwamba kiti hakihitaji karatasi, kiti kinamjia kwa damu, na hiyo mikasi na mabakuli wagawane wenye njaa.

"Mimi nina shida ya kijiko?" alisema. "Mimi ni ombaomba? Lete hapa."

Wakaleta karatasi iliyoandikwa upya, pamoja na meza ndogo ya fundi cherehani. Taratibu akasaini mstari wake wenye kigugumizi, wote wawili wakimwona. Kipara akasaini. Bwana Kalamu akaitoa kalamu, akaipuliza, akakunja mkono wa shati, akaweka sahihi ambayo mtaa ule haukuwahi kuiona mfano wake. Mkia ulizunguka mpaka karibu na jina la Kipara, ukalipita kwa dharau, ukarudi. Akagonga nukta mbili, meza ikalia. Kisha akaegemea nyuma anyolewe shavu lililobaki, na hakuuliza mle ndani mmeandikwa nini, kwa kuwa mtu mkubwa hachungulii.

Taratibu aliishi baada ya hapo muda mzuri tu. Alizidi kuchokoza watu. Mama wa chai akipita, alimwuliza kama amekuja kulipima benchi lake. Fundi viatu akikohoa, alimwambia, "Angalia, utanitangulia mkasi ubaki unalia." Siku aliyoondoka aliondokea kwenye benchi lilelile, jua la alasiri likimpiga magotini, redio ikiongea, na binti alidhani amesinzia. Mteja aliyekuwa kwenye kiti siku ile alimaliziwa upande mmoja tu. Alikaa hivyohivyo mpaka mazishi yalipokwisha, hakulalamika.

Msiba ulipoisha, mkokoteni ukaja. Bwana Kalamu mbele, wanawe wawili nyuma, mabega mapana na kamba ndefu. Binti alisimama mlangoni, macho bado yamevimba, wembe wa baba yake uko mfukoni mwa aproni. Hakupiga kelele. Na pengine hakukuwa na haja, kwa sababu fundi cherehani alishaacha cherehani, mama wa chai alishaepua birika, fundi viatu alikuja na kiatu cha mtu mkononi, na hata lori lilikuwa limesimama katikati ya barabara. Wosia ukianguka, unaanguka na mkasi, unaanguka na benchi. Vijiko vyote vilikuja kulinda sufuria.

Kipara alivaa miwani akausoma kwa sauti. Alipofika penye kiti, Bwana Kalamu akainua mkono. Alisema kwa huzuni kwamba marehemu alikuwa mgonjwa, mkono wake ulitetemeka, na karatasi za siku hizi mtu anaweza kuandikiwa na yeyote. Yeye ana mashaka nayo.

"Basi itazame mwenyewe," Kipara akamwambia, akampa. "Sisi wengine si wataalamu wa sahihi."

Akaitazama. Ilikuwepo pale chini, ina kichwa, ina kiwiliwili, mkia wake umejaa karatasi nzima, nukta mbili zimeingia mpaka upande wa pili. Mwanawe mkubwa aliinamia sikio lake, ila alikuwa na sauti isiyojua kunong'ona. "Baba, sema si yako. Nani atajua?"

Neno moja tu, si yangu, na kiti kingekuwa juu ya mkokoteni na mambo mengine yangekwenda kubishaniwa huko mahakamani mpaka ngozi ioze. Bwana Kalamu aliigeuza karatasi upande wa mwanga. Alipitisha kidole juu ya ule mkia, polepole, kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto. Labda alifikiri juu ya kiti. Labda alimfikiria mdogo wake waliyelala kitanda kimoja.

"Pumbavu," akamwambia mwanawe. "Unaweza kumpata mtu wa kuiga hii? Hii ni yangu. Yaliyoandikwa juu yake ni kweli, na atakayesema si kweli aje kwangu."

Akamrudishia Kipara karatasi. Kisha, kwa kuwa amesimama pale na watu wote wanamtazama na hajui pa kuiweka mikono, akaingia ndani akakaa kwenye kiti. Kiti kikapumua.

"Ninyoe," akamwambia binti. "Lakini usikimbie. Kama baba yako."

Binti akamfunga shuka. Alipaka povu taratibu, mashavu yote mawili, kidevu, mpaka chini ya pua. Akaunoa wembe kwenye mkanda, shwa, shwa, shwa. Nje wale vijana walikuwa wanaugeuza mkokoteni.

"Usiwaonee huruma, Baba Mkubwa," alisema, na wembe ukagusa koo. "Mkokoteni mtupu ni mwepesi. Wausukume mpaka penye bomba la maji, wakichoka wakae."

Bwana Kalamu alikuwa na jibu, tena zuri. Akalimeza.